Naomba ushauri: kipimo cha damu kwa jicho la mdogo wangu

Wapendwa, niko Bukavu. Mdogo wangu wa kike aliumwa jicho akiligeuza, akaanza kuona rangi nyekundu imefifia, sasa anaona kivuli tu. Munganga anasema kinga ya mwili inashambulia neva ya jicho. Alipigwa methiliprednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza kinga) gramu 1 kila siku kwa mshipa, akapata nafuu kidogo.

Tunatakiwa kujua kama ana antibodi (askari wa kinga walio kwenye damu) za akwaporini-4, zilizotambuliwa 2004, au za MOG; hizo ni protini mbili za mfumo wa neva ambazo kinga huweza kuzishambulia. Wenye MOG mara nyingi hurudia kuona vizuri zaidi. Zile za akwaporini-4 huweza kufika uti wa mgongo, na interferoni beta, dawa ya ugonjwa mwingine wa neva (multiple sclerosis), huuzidisha ugonjwa huo. Ndiyo maana sitaki tubahatishe dawa.

Nani amewahi kutuma damu Kigali au Kampala? Ilisafirishwaje, kwa bei gani? Na prednisoloni ya vidonge mliipunguza kwa muda gani?