Lithiamu kwa mzee mwenye Alzheimer: kuna aliyewahi kuitumia?

Mama Zuhura, Jinja
Habari zenu. Baba yangu ni askari mstaafu, ana miaka 78. Mwaka juzi daktari alituambia ni Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Mchana hana neno, anamenya karanga na wajukuu. Taabu huanza saa kumi na mbili jioni: anapaka buti kiwi, anazivaa, anataka kwenda lindo. Juzi nilifunga mlango, akaniita kuruta na kunichapa bakora mkononi. Nilicheka, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Sasa kaka yangu wa Kampala kasikia lithiamu, ile wanayopewa wenye bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka mno), inarudisha kumbukumbu. Anataka kuagiza vidonge vya lithiamu oroteti kwenye mtandao. Roho yangu inasita. Nani anaijua?

Muuguzi wa Mbale
Pole dada. Kaka yako hakuota. Agosti 2025 watafiti wa Harvard waliandika katika jarida la Nature kwamba lithiamu hupungua kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, na oroteti kidogo tu iliwarudishia panya kumbukumbu. Panya, dada! Kwa watu wenye fujo kama za mzee, Chuo Kikuu cha Columbia kiliwajaribu 77 kwa wiki 12, karibu nusu yao kwa dozi ndogo ya lithiamu kabonati, ile ya hospitalini. Hali yao kwa jumla ilionekana afadhali, ila fujo zenyewe hazikutulia kuliko za waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Niambie: presha anameza nini? Na magoti? Bendro ya presha na diklofenaki ya maumivu huzuia figo kutoa lithiamu, inajaa kwenye damu. Mikono inatetemeka, anayumba, anatapika, maneno yanamchanganya. Mtadhani ugonjwa umezidi, kumbe ni sumu. Wodini hatumpi mtu lithiamu bila kumpima damu, figo na tezi ya shingo.

Droti wa Arua
Msikilize muuguzi. Mjomba wangu alipewa valproeti, ile ya kifafa, ili atulie. Alisinzia kutwa, akaanguka bafuni. Baadaye nikasoma kwamba Marekani waliijaribu kwa wagonjwa 313 kwa miaka 2: haikuzuia fujo, na ubongo ulisinyaa zaidi.

Kuhusu lindo: ukimfungia mlango umemfanya mfungwa. Mwache aende, nenda naye.

Mama Zuhura, Jinja
Nimemwaga mfuko wa dawa mezani. Bendro imo. Diklofenaki pia imo, na ni mimi ninayemnunulia kila wiki!

Jana jioni nilibeba tochi tukatoka. Tumezunguka msikiti mara mbili. Muuza makaa alisimama wima akasema, "Afande!" Mzee akampigia saluti, akamuuliza kama kuna tukio lolote. Hakuna, afande. Basi tukarudi, akavua buti mwenyewe.

Kaka nimempigia. Kanuna, lakini hajaagiza.