Mrejesho: sukari guru yangu iliyokuwa haigandi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mwezi uliopita nililia hapa kwamba sukari guru ninayopika Dodoma inabaki laini kama ugali wa wagonjwa. Narudi kama nilivyoahidi.

Mdau aliyeuliza "muwa una siku ngapi tangu ukatwe?" ndiye alinifungua macho. Miwa yangu inatoka Turiani, na nilikuwa nairundika siku 4 au 5 juani nikisubiri ijae. Kumbe ukishakatwa, sukari yake inavunjika na kugeuka ile isiyoganda. Sasa naagiza kidogo, nakamua siku inapofika. Guru inashika.

Chokaa nimetumia pia kupunguza asidi ya maji ya miwa, ila mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito, guru ikatoka nyeusi kama lami. Sasa natia maji ya chokaa kidogo kidogo, napima kwa karatasi ya asidi, nikifika 7 naacha.

Ushauri wa kuepua guru ikifika nyuzi joto 118 uliniunguzia karai zima. Simlaumu aliyenipa, namba hiyo ni ya pwani, ambako maji yanachemka kwenye 100. Huku tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye 96 hivi. Nikahesabu nyuzi 18 juu ya hapo: naepua kwenye 114. Inakubali.

Kilichoshindikana ni kubana rola za kinu cha kukamulia miwa. Makapi bado yanatoka mabichi, na nilipokaza zaidi, beringi ikafa. Fundi anataka kuchonga bushi mpya, nasubiri hela.

Asanteni sana, hasa uliyeuliza umri wa muwa.