Tunasomea uhifadhi halafu tunalipwa kwa tipu: hii kazi ya kuongoza watalii Arusha inatuumiza sisi na inaumiza wanyama

Wakuu, leo nimechoka kunyamaza.

Kila mara madogo waliomaliza form six wananitafuta, kaka nisome nini, nataka kazi ya uhifadhi na huku nasafiri, nikae porini na wanyama na nilipwe. Nawaelewa kabisa, na mimi niliingia kwa moto huohuo, nikapambana nikafika Mweka, chuo kipo pale chini ya Kilimanjaro tangu 1963 na wahifadhi wa nchi kibao za Afrika wamepita pale, tukasoma ikolojia, sheria za wanyamapori, ndege, mimea, mpaka namna ya kukaa na vijiji vinavyopakana na hifadhi. Haya, toka na hicho cheti uingie Arusha mjini kutafuta kazi uone.

Ofisi inakwambia wewe ni frilansa. Mkataba hakuna, NSSF hakuna, bima hakuna. Unapewa posho ya 30,000 kwa siku na humohumo ule, na kuna wenzangu wanaambiwa waziwazi hatukulipi, wageni wetu wanatoa tipu nzuri. Masika ikiingia, Aprili na Mei, simu haiiti kabisa, kodi ya nyumba inakusubiri na ada ya mtoto inakusubiri. Na mtu asiniambie hela haipo! Mgeni mtu mzima kutoka nje analipa dola 70 kwa siku Serengeti na bado VAT, gari moja kushuka kreta pale Ngorongoro ni dola 295 ukishaweka VAT, na hizo zote zinalipwa kwa wakati kwa sababu bila malipo geti haupiti. Lodge nayo imeshalipwa kabla mgeni hajapanda ndege. Sasa yule aliyeendesha kwenye rasta za barabara ya Naabi, akabadilisha tairi kwenye vumbi, akajibu maswali kuanzia alfajiri mpaka usiku, ndiye peke yake anasubiri huruma ya mgeni siku ya mwisho pale uwanja wa ndege wa KIA. Kwa nini?

Na ubaya wa tipu hauishii mfukoni kwangu. Ukimlipa mtu kwa tipu umeshamwambia amfurahishe mgeni hata kama mnyama anaumia. Juzi kati nilikuwa maeneo ya Seronera, katikati ya Serengeti, duma ana watoto watatu, kawaona swala tomi, ameshainama kabisa anawanyemelea. Gari moja ikatoka barabarani, ya pili ikafuata, mara zikawa nyingi zimemzunguka, mtu wa mwisho kaenda kusimama katikati yake na swala. Duma akanyanyuka, akawaangalia wale swala wanavyokimbia, akarudi kulala kivulini na wale watoto wanamzungukazunguka njaa inawauma. Mimi nilibaki barabarani, nikawaeleza wageni wangu kwamba kutoka nje ya njia hairuhusiwi, na duma anawinda mchana, tukimharibia hapo watoto wanalala njaa. Wawili walinielewa, mmoja akakasirika kwamba wenzake kwenye gari nyingine wanapata picha za karibu, akalalamika ofisini. Bosi kanipigia anafoka, umewanyima wageni walichokilipia! Tangu siku hiyo sijapewa safari, na wale waliomkaba yule duma wako porini muda huu wanaendelea.

Hili sio jambo la hisia zangu tu. Kuna utafiti ulifanyika Masai Mara ukatoka 2018, kwenye maeneo yenye watalii wengi duma jike alikuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao, yaani karibu hakuna, wakati kwenye watalii wachache ni 2.3. Hao ndio wanyama tunaowauza kwenye vipeperushi vyetu!

Wenzetu Kenya angalau wana KPSGA, chama cha waongoza watalii, unafanya mtihani unapanda bronze, silver, gold, na mtu akiona gold anajua huyu kaiva. Huku kwetu mtu aliyesota chuo na mtu aliyejua kuendesha gari mwaka jana wanagombania safari moja, na anayeshinda ni aliyekubali hela ndogo zaidi.

Wenye kampuni mnasoma humu, najua. Lipeni mshahara, andikeni mikataba, sheria ya ajira ipo tangu 2004 na inawataka mfanye hivyo, na dereva akikataa kumfukuzia mnyama msimamieni mbele ya mgeni.

Sasa naomba msaada. Nataka kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na nasikia kama umeachishwa kazi unatakiwa ufungue shauri ndani ya siku 30. Kuna yeyote aliyewahi kwenda akiwa frilansa bila mkataba wa maandishi? Nina meseji za WhatsApp za kupangiwa safari na miamala ya posho kwenye simu, vinatosha au nitafute na kingine?