Mjadala: Bunduki ya kulinda shamba iwe mikononi mwa mkulima, au iwe ya kijiji?

Wadau,

Suala hili huibuka kila msimu wa mavuno na kila mara linaishia pale pale. Upande mmoja unasema mkulima anayepakana na pori apewe kibali cha bunduki alinde jasho lake. Upande wa pili unasema bunduki zote zitoke vijijini, wanyama waharibifu waachiwe askari wa wanyamapori. Mimi nakataa yote mawili. Bunduki iwepo, lakini iwe mali ya kijiji, ishikwe na watu wachache waliofunzwa, na iwe ya aina inayolingana na mnyama anayekusudiwa. Hilo la mwisho ndilo hatulijadili kabisa, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengine yote.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ukitaja uharibifu wa mazao, wengi mawazo yao hukimbilia tembo, kwa sababu tembo ndiye anayepigwa picha. Lakini muulize mkulima wa Rufiji, Kilwa, Liwale au Nachingwea, huku pwani na kusini mwa Tanzania, ni nani anayemkosesha usingizi mwaka hadi mwaka. Atakutajia nguruwe pori kabla hujamaliza swali. Anakuja usiku, tena na kundi lake. Karanga anazifukua mstari kwa mstari tangu zikiwa mbegu. Mihogo anaing'oa, anatafuna kipande hapa, kipande pale, iliyobaki inaozea juani. Mahindi anayalaza chini ndipo ale, kwa hiyo hata asichokila kimeshaharibika. Ekari moja inaweza kuisha kwa usiku mmoja, na mwenye shamba akaamka kukuta udongo umetifuliwa kana kwamba trekta limepita.

Ndiyo maana watu wanalala mashambani. Wanajenga dungu: nguzo nne, ulingo wa fito, paa la nyasi, moto chini, na debe bovu la kugonga. Mwenye uwezo mdogo anajikunyata kwenye kibanda cha chini kisicho na hata mlango. Analinda hapo tangu mahindi yanapobeba hadi yanapoingia ghalani, mara nyingi akiwa na mkewe na watoto, kwa sababu hakuna wa kuwaachia nyumbani.

Na hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la mahindi tu. Mwaka 2005 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa mtaalamu wa simba Craig Packer na wenzake kuhusu simba wanaoshambulia watu Tanzania. Walihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na zaidi ya 300 waliojeruhiwa tangu 1990, wengi wao katika maeneo ya kusini na pwani kama Lindi na Rufiji. Mashambulizi yalizidi miezi ya mavuno. Sababu waliyoiona ni hii: wanyama wengine wa kuwinda wamepungua, simba anamfuata nguruwe pori, nguruwe pori anafuata shamba, na shambani kuna mtu amelala kwenye kibanda akimlinda huyo huyo nguruwe. Rufiji waliwahi kumpata simba waliyempa jina la Osama, aliyeua watu zaidi ya 30 kabla hajauawa mwaka 2004. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kupunguza nguruwe pori ni ukatili kwa wanyama, namwomba afikirie ni nani anayelala kwenye kile kibanda usiku huu.

Sasa bunduki.

Silaha inayotumika kwa sasa huko vijijini, tuseme ukweli, ni gobore. Mtutu wake ni bomba la chuma lililofuliwa na fundi wa kijijini. Mpigaji anamimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, anashindilia kwa ufito, anatia vipande vya nondo au gololi, anashindilia tena, kisha anatega fataki. Akishafyatua, moshi unamfunika na hana la pili. Kutia tena kunachukua dakika nzima au zaidi. Hakuna anayejua vile vipande vitasambaa kwa upana gani, na mtutu wenye mshono mbovu unaweza kumpasukia usoni. Nguruwe pori ana ngozi ngumu na bega nene. Akipigwa na gobore mara nyingi hafi pale. Anakimbia na jeraha, anajificha kichakani, na asubuhi watu wanaofuata damu wanakutana na dume lenye pembe kali na hasira. Mnyama anateseka, mtu anaumizwa, na shamba limeliwa vile vile. Wanaosema bunduki ziondoke vijijini wajue kwamba kwa kuzuia silaha nzuri hawajaondoa silaha. Wamebakiza mbaya.

Upande mwingine wa kosa ni wale wanaotaka raifoli kubwa, wakidhani nguvu ndiyo kila kitu. Risasi ya raifoli ya .308 (namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi) ikikosa mnyama inaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu kabla haijaanguka. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu huiona ya kuchezea, inaweza kufika zaidi ya kilomita moja. Sasa angalia vijiji vyetu vilivyo: nyumba zimetawanyika kati ya mikorosho, mapito ya watu yamekatiza mashamba, na kwenye dungu la jirani umbali wa mita mia mbili kuna mtu mwenye tochi. Nani atakubali raifoli ifyatuliwe gizani mahali kama hapo?

Kwa nguruwe pori wa shambani, silaha inayofaa ni bunduki ya marisau (shotgun), inayotoa vidonge vingi vya risasi kwa mpigo mmoja. Naizungumzia ya kiwandani iliyosajiliwa, yenye marisau makubwa, ikipigwa kwa umbali usiozidi mita thelathini hivi. Ikivuka hapo inapungua nguvu haraka kuliko raifoli, na udhaifu huo ndio sifa yake kijijini. Zaidi ya hapo tuna kitu ambacho tayari tunacho na hatukioni: dungu. Mpigaji akiwa juu anapiga kuelekea chini, na risasi au marisau yanayomkosa mnyama yanazama ardhini. Uingereza wawindaji wa kulungu hujenga majukwaa ya kukalia juu kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tumekuwa tukiyajenga tangu enzi za mababu, kwa kugonga madebe tu.

Nimeitaja Uingereza, acha nimalizie. Kule hakuna tena mbwa mwitu wa kuwapunguza kulungu, kazi hiyo inafanywa na watu wenye bunduki. Sheria yao ya kulungu ya mwaka 1991, inayotumika England na Wales, haikuishia kusema nani apewe kibali. Inataja hadi kipenyo cha chini cha raifoli, inchi 0.240, pamoja na nguvu ambayo risasi lazima iwe nayo ikitoka mtutuni, ili mnyama afe haraka badala ya kujeruhiwa. Baadaye kwa kulungu wadogo, kama muntjac, wakaruhusu kipenyo kidogo zaidi. Kipimo cha sheria kinaanza na mwili wa mnyama. Siwaletei hiyo tuige, maana wao wana mashamba makubwa yenye uzio na sisi hatuna, lakini swali waliloanza nalo ndilo swali sahihi.

Jirani zetu Uganda wamewataja nyani, tumbili na nguruwe pori kuwa wanyama waharibifu, na udhibiti wao ukawekwa mikononi mwa serikali za wilaya. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sisi tuko katikati. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kuua mnyama anapolinda uhai au mali yake, kisha atoe taarifa. Sheria hiyo hiyo inakataza kuwinda usiku na kwa kutumia taa bila idhini. Nguruwe pori anakuja saa ngapi? Hapa mkulima mwaminifu amebanwa, na ninaamini ndiyo sababu wengi wanamaliza mambo kimyakimya kwa gobore na mtego wa waya. Waya nao hauchagui. Unanasa mbawala, unanasa chui, unanasa mbwa wa jirani.

Chui nimemtaja makusudi. Yeye ni mlaji mzuri wa nguruwe pori na nyani. Ghana, katika hifadhi ambazo simba na chui walitoweka, nyani waliongezeka na kusambaa hadi mashambani. Kwa hiyo kijiji kinachotega waya kinapoteza msaidizi wake wa bure. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nitake mpigaji anayechagua anachokipiga.

Na tembo? Hapa siyumbi: bunduki ya kijiji isiguse tembo. Tembo aliyejeruhiwa ni msiba kwa kijiji kizima, na kazi hiyo ibaki kwa askari wa TAWA, mamlaka ya serikali ya usimamizi wa wanyamapori, wenye silaha na mafunzo yake. Kijiji kiwe na pilipili, tochi zenye mwanga mkali, honi, na pale maji na maua yanapopatikana, uzio wa mizinga ya nyuki, ambao umejaribiwa Kenya na kwetu pia na kuonyesha kwamba tembo wengi hurudi nyuma wanapowachokoza nyuki. Kwelea kwelea nao si wa bunduki, kundi la mamilioni hulipigi kwa risasi. Nyani ni suala gumu zaidi. Wana akili, wanamtambua mtu na silaha yake, na ukimpiga mmoja wengine wanahamia shamba la pili. Kwa nyani naamini zaidi mbwa na watu wa kulinda kwa zamu kuliko risasi.

Sasa hoja mnazonipinga nazo, na mbili kati yake ni nzito kweli.

Ya kwanza: bunduki za kijiji zitaishia kwa majangili. Siipuuzi. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000, na hakuna anayetaka kurudi huko. Lakini ona jinsi uchaguzi wa silaha unavyojibu hoja hii. Bunduki ya marisau si silaha ya kumwangusha tembo, jangili wa meno haitafuti. Raifoli nzito ndiyo anayoitaka, na hiyo sijaiombea kijiji. Ongeza kabati la chuma, kitabu cha kusaini, risasi zinazotolewa kwa idadi na maganda yanayorudishwa kabla ya kupewa nyingine. Kinachofichika leo ni gobore lililochimbiwa chini ya kitanda, ambalo halina namba wala kitabu.

Ya pili inatoka kwa wakulima wenyewe: nguruwe haji kwa ratiba ya ofisi, bunduki moja ya kijiji itamfikia nani? Ni kweli kwamba mpigaji mmoja kwa vitongoji sita ni mapambo. Kila kitongoji kinahitaji angalau mmoja wakati wa mavuno, na hawa wanaweza kuwa askari wa wanyamapori wa vijiji, ambao tayari wapo kwenye jumuiya za hifadhi za wanyamapori zinazoundwa na vijiji. Lakini hata wakiwepo, risasi peke yake haitoshi. Nguruwe jike anazaa watoto watatu au wanne kwa mara moja. Kijiji kisichofyeka vichaka kando ya mashamba, kinacholima vishamba vilivyotawanyika porini badala ya kuviunganisha, kitapiga nguruwe milele. Misako ya mchana ya mbwa na nyavu, kama waliyoifanya wazee, irudi, tena iratibiwe na kijiji.

Ya tatu husemwa na watu wa mjini: wanyama walikuwepo kwanza, wakulima ndio wavamizi. Kwa shoroba za tembo, yaani mapito yao ya asili, nakubali, na zilizozibwa zifunguliwe. Kwa nguruwe pori hoja hii haisimami. Huyu anastawi palipo na mihogo na vichaka, sisi ndio tunaomlisha.

Na fidia? Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa, na kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, mwisho ekari tano. Kwanza zililenga wanyama hatari, kwa hiyo aliyeliwa mihogo na nguruwe pori anabaki na hasara yake. Pili, hata anayelipwa, hiyo haimlishi nyumba hadi msimu ujao. Hata jina lake halidai kuwa ni fidia.

Kuna mambo mawili bado sijayapatia jibu la kuniridhisha, na hapa ndipo nataka wenye uzoefu waingie. Moja ni nyama. Sehemu nyingi za pwani na kusini nguruwe haliwi, kwa hiyo hakuna mtu anayepoteza usiku wake kumwinda bila malipo. Sehemu zinazomla, mpigaji ataanza kuwinda kwa ajili ya bucha badala ya shamba, tena kuna hatari ya kupeleka homa ya nguruwe kwenye mabanda ya wafugaji. Mpigaji alipwe nini, na nani amlipe: halmashauri, kijiji, au wenye mashamba kwa kuchangia debe la mahindi kila mmoja?

La pili ni funguo. Ofisi nyingi za kijiji zina mlango wa mbao na kufuli moja, na mtendaji akienda wilayani anaondoka na ufunguo. Mimi napendekeza kabati lenye kufuli mbili, funguo moja kwa mtendaji na nyingine kwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Lakini simba akiwa kijijini saa nane usiku na mmoja wao hapatikani, tunafanyaje? Mliowahi kutunza silaha za mgambo vijijini, hili mlilimaliza vipi?