Rodrigo hakuwa na macho: okestra nzima aliiandikaje?

Solo_wa_Arua:
Salaam wote. Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi za harusi hapa Arua. Sebene ndiyo inayonilisha, noti za karatasi sizijui. Nina mpwa wa miaka 14, haoni, lakini akilishika gitaa langu mimi natafuta mahali pa kukaa nisikilize. Juzi mteja alinitumia sehemu ya pili ya *Concierto de Aranjuez*, konseto (muziki wa gitaa na okestra) ya Joaquín Rodrigo, Mhispania. Kijana akataka irudiwe, irudiwe, mpaka simu ikazima. Nilipomwambia mtunzi naye alikuwa kipofu, akacheka: "Mjomba, vyombo vyote hivyo aliviandikaje?" Mwalimu wake mmoja wa zamani alishamwambia noti ni za wenye macho. Ni kweli? Na huyu mzee gitaa alijifunzia wapi?

Kinanda_Jinja:
Gitaa hakupiga, kaka! Chombo chake kilikuwa piano. Alizaliwa Sagunto, karibu na Valencia, mwaka 1901, na dondakoo likamwachia upofu akiwa na miaka mitatu. Baadaye akaenda Paris kusoma utunzi kwa Paul Dukas.

Huyo mwalimu mwambie Louis Braille mwenyewe, aliyebuni breli, yale maandishi ya nukta ya vipofu, alikuwa mpiga kinanda cha kanisani. Muziki una breli yake, kwa nukta zilezile sita. Herufi d, e, f, g, h, i, j zinakuwa do, re, mi, fa, sol, la, si. Kama kijana anasoma breli, nusu ya safari ameshaimaliza. Hapo noti ni fupi, nusu pigo; ongeza nukta ya 6, inakuwa pigo moja; weka ya 3 badala yake, mapigo mawili. Hakuna mistari mitano wala nini. Tabu ni moja: kidole kikisoma hakiwezi kubonyeza uzi, kwa hiyo unasoma kipande, unakikariri, ndipo unapiga. Rodrigo aliandika kwa mashine ya breli, kisha akamsomea mnakili noti moja moja, chombo baada ya chombo. Ni kazi ya kuchosha kuliko kupalilia mihogo, na konseto yenyewe inapita dakika 20.

Tena sikiliza ujanja wake. Gitaa halina sauti ya kushindana na okestra, kwa hiyo gitaa likisema, wengi wananyamaza au wananong'ona.

Mama_wa_Bombo:
Mwanangu, hiyo sehemu ya pili usimpigie kijana bila kumweleza. Rodrigo na mkewe Victoria Kamhi, mpiga piano kutoka Uturuki, walikuwa Paris mwaka 1939, fedha hakuna, na mimba yao ya kwanza ikaharibika. Watu walizoea kusema wimbo ule unalilia mji wa Guernica uliopigwa mabomu 1937. Victoria ndiye aliyeandika baadaye kwamba una furaha ya fungate yao na uchungu wa yule mtoto. Mimi niliyezika nilipousikia sikuhitaji kuelezwa, lakini haya basi. Cecilia, binti yao, alizaliwa 1941. Konseto ilikuwa imeshapigwa Barcelona, Novemba 1940, gitaa likiwa kwa Regino Sainz de la Maza. Rodrigo na Victoria wote wawili wamezikwa Aranjuez, mji ule wa kwenye jina la konseto.

Solo_wa_Arua:
Asante, Mama. Pole sana. Nimemsomea yote jana usiku, umeme umekatika. Ya mtoto hakusema kitu. Kwenye hizo herufi akaniomba nirudie, huku kidole kinagonga nukta mezani.

Leo asubuhi nimemkuta ameshaipata kwenye B maina, ile mistari ya mwanzo. Gitaa linakwangua kodi taratibu, halafu lile zumari la sauti nene linaanza kulalamika. Zumari anaimba kwa mdomo. Sasa ananiuliza nani atalipiga hilo zumari, na hapa mtaani zumari hakuna. Kuna mzee wa Kialuri jirani yetu ana adungu kubwa, kinubi cha kwao. Jioni tunamwendea.