Mtoto wa miezi minane bila nyama: maziwa na mayai, mimea mitupu, au ale kila kitu?

Mama_Mtori (Moshi)

Ndugu zangu, habari zenu. Ninaleta kwenu jambo ambalo mimi na mume wangu tumelijadili kwa miezi miwili bila kulimaliza. Binti yetu ametimiza miezi minane, ananyonya vizuri, na tangu alipofikisha miezi sita tumekuwa tukimpa uji wa ulezi, ndizi zilizopondwa, viazi vitamu na mchuzi wa maharage uliochujwa. Mimi ni Mchaga wa Kilutheri niliyekuzwa kwa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na mama yangu anaamini kabisa kwamba mtoto asiyeonja supu ya nyama hatakuwa na miguu ya kupanda mlima. Mume wangu ni Mpare Msabato, na kwao nyama haijapikwa tangu enzi za babu yake. Tulipooana nilikubali kwamba jikoni kwetu hakutapikwa nyama, na sijajuta. Lakini tangu arudi kutoka kwenye semina moja ya afya mwaka huu, anasema kwamba hata maziwa ya ng'ombe na mayai hayafai, na angependa mtoto alelewe kwa vyakula vya mimea peke yake.

Basi njia ziko tatu: bila nyama lakini maziwa na mayai yawepo; mimea mitupu; au, kama anavyotaka mama yangu, mtoto ale kila kitu mpaka atakapokua na kujichagulia. Jumanne iliyopita kliniki, mstari wa uzito kwenye kadi yake, ambao ulikuwa ukipanda vizuri, ulilala kidogo, na muuguzi akauzungushia duara kwa kalamu nyekundu. Duara hilo ndilo lililonileta hapa. Ninawaomba mnisaidie kulinganisha bila kumshambulia mume wangu, kwa maana yeye ndiye anayemlisha binti yetu kila jioni, na ana subira kunishinda.

Binti_Kisutu (Dar es Salaam)

Dada, pole kwa wasiwasi. Mimi ni Mhindi wa hapa Dar, na nyumbani kwetu nyama, samaki na mayai havijawahi kuingia. Watoto wetu wanakua, wanasoma na wanacheza mpira kama wenzao, kwa hiyo usiogope kwamba kuacha nyama peke yake kutamdhoofisha mtoto. Chakula chetu cha kwanza kwa mtoto ni wali uliopikwa pamoja na choroko zilizokobolewa mpaka vyote vikalainika na kuwa kitu kimoja, tunakiita khichdi, kisha tunatia kijiko cha samli, na mtoto akizoea tunakamulia limau. Mtindi haukosekani hata siku moja.

Hata hivyo nina jambo la kukueleza ambalo lilinipata mwenyewe. Binti yangu wa pili alipofikisha mwaka mmoja alipenda maziwa kuliko chakula, nami nilifurahi, kwa sababu nilidhani maziwa ni kila kitu. Alikuwa akimaliza karibu lita moja kwa siku. Akiwa na miezi kumi na minne mama mkwe wangu alimvuta kope ya chini na kuniita niangalie: ndani palikuwa peupe kama karatasi. Damu ilikuwa imeshuka sana, na alitumia dawa ya madini ya chuma kwa miezi mitatu. Maziwa yana chuma kidogo mno, na mtoto aliyeshiba maziwa hana nafasi ya dengu. Siku hizi mdogo wake hapati zaidi ya vikombe viwili.

AfisaLishe_Wilayani

Mama Mtori, nimefanya kazi ya lishe kwa miaka kumi na moja, na ningependa kwanza niseme kwamba njia yako ya kwanza na ya pili hazina undugu wa karibu kama zinavyoonekana. Mtoto anayepata maziwa na yai ana chanzo cha vitamini B12. Mtoto wa mimea mitupu hana, kwa sababu vitamini hiyo haipatikani kwa asili katika mboga, nafaka wala tunda la kutegemewa. Mlonge, ambao ninaulizwa kila wiki, ni mboga nzuri sana, lakini kwa hili hausaidii. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takribani maikrogramu 0.9 kwa siku, kiasi ambacho kikombe kimoja cha maziwa kinakitosheleza. Ni kidogo ukikitaja kwa mdomo, lakini kukikosa kunaharibu neva.

Nimewahi kumpokea mtoto wa miezi kumi ambaye mama yake hakuwa amegusa nyama, maziwa wala mayai kwa miaka mitano, wala hakutumia vidonge vyovyote. Mtoto huyo alikuwa ameshajua kukaa, kisha akaacha. Kichwa kilimwangukia kifuani, na alikuwa hamfuati mama yake kwa macho. Alipoanza kuchomwa sindano za B12 alichangamka ndani ya siku chache, ila kusema alichelewa. Mama huyo hakuwa mzembe hata kidogo. Alinyonyesha usiku na mchana, lakini maziwa yake yenyewe yalikuwa yamepungukiwa. Kwa hiyo, njia ya pili ninaikubali kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba B12 itolewe kama dawa kwa kipimo cha daktari, kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha, bila kukatizwa. Familia isiyoweza kuhakikisha dawa hiyo inapatikana kila mwezi isiianze njia hiyo.

Kuhusu madini ya chuma, hapo njia zote tatu zina mtihani. Mtoto huzaliwa na akiba inayomfikisha takribani miezi sita, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Kati ya miezi 7 na 12, viwango vinavyotumika Marekani vinamtaka apate miligramu 11 kwa siku, wakati baba yake mwenye ndevu anahitaji miligramu 8. Sasa soma tena ulichoandika: mchuzi wa maharage uliochujwa. Chuma, zinki na protini vimebaki kwenye chujio, na mtoto amekunywa maji yenye rangi. Tumbo lake hubeba takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtoto wa kilo nane anajaa kwa kikombe kimoja. Kikombe hicho kikiwa cha uji mwepesi au mchuzi, mstari wa kadi utalala, awe ni wa njia yoyote kati ya hizo tatu.

Na mama yako mzazi nimwambie kwa heshima kwamba supu ya nyama nayo ni vilevile. Nyama inabaki kwenye sahani za wakubwa, na mtoto anapewa maji yake. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa Tanzania walikuwa wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Walio wengi si watoto wa Wasabato wala wa Wahindi. Ni watoto wa nyumba zinazokula kila kitu, ambao hicho kila kitu hakikufika kwenye kijiko chao.

Mwalimu_Embu (Kenya)

Ningependa kuongeza habari ya huku kwetu, kwa sababu inagusa ulinganisho huu moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1998 watafiti waligawa shule 12 za msingi hapa Embu katika makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri (mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja) iliyotiwa nyama, jingine githeri na maziwa, jingine githeri iliyoongezwa mafuta tu, na la nne halikupewa chakula shuleni. Waliokula nyama ndio walioongezeka zaidi misuli ya mkono, na ndio waliofanya vizuri zaidi katika jaribio la kufikiri kwa kutumia picha. Upungufu wa B12 ulipungua kwa waliopewa nyama na kwa waliopewa maziwa vilevile.

Hata hivyo, msomaji aangalie hali ya watoto hao. Wengi wao chakula chao cha nyumbani kilikuwa mahindi na maharage siku zote, na nyama au maziwa walivionja kwa nadra. Walikuwa hawali nyama kwa sababu haikuwepo, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Mzazi anayeondoa nyama kwa hiari, huku akiweka yai, mtindi, ndengu (ambazo ninyi wa Tanzania mnaziita choroko) na machungwa, hayumo katika hadithi ileile. Lakini ninakiri kwamba tangu niisome habari hiyo sijaweza tena kusema kwamba githeri peke yake inamtosha mtoto.

Baba_Pacha (Toronto)

Huku Toronto kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watoto 8,907 wa kuanzia miezi sita hadi miaka minane, na kati yao 248 walikuwa hawali nyama. Urefu wao na akiba yao ya chuma havikutofautiana kwa maana na vya wenzao, ingawa wasiokula nyama walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito mdogo. Tufahamu pia kwamba wengi wao walikunywa maziwa ya ng'ombe, na kwamba nafaka za watoto zinazouzwa huku huongezwa chuma kiwandani. Kwa watoto wa mimea mitupu picha ni nyingine. Huko Poland, mwaka 2021, watoto wa miaka 5 hadi 10 wa kundi hilo walikutwa wafupi kwa takribani sentimita tatu kuliko wenzao wanaokula nyama, na mifupa yao ilikuwa na madini machache zaidi, ingawa lehemu (kolesteroli) katika damu yao ilikuwa nzuri.

Pacha wangu wana miaka minne na hawali nyama. Nilichojifunza ni kwamba uamuzi wenyewe tuliumaliza katika mazungumzo ya usiku mmoja, ila kuutimiza ni kazi ya kila siku saa kumi na mbili jioni, wakati mzazi amechoka na mkate mkavu uko karibu kuliko dengu. Mama Mtori, kama mumeo ndiye mwenye subira ya kijiko, hilo lina uzito mkubwa katika ulinganisho wako.

Bibi_Upare

Mwanangu, mimi ni Msabato tangu kuzaliwa, na nimelea watoto saba bila nyama, lakini maziwa ya ng'ombe wetu na mayai ya kuku wetu tulikuwa tunatumia. Mwambie mkwe wetu, kwa upole, kwamba kanisa linashauri ulaji wa mimea wala halijaufanya kuwa sharti, na kwamba sisi wazee wa milimani hatukuwanyima watoto maziwa.

Maharage uyaloweke usiku kucha, na asubuhi uyamwage yale maji. Yapike yaive kabisa, uyamenye maganda kwa vidole, kisha uyaponde pamoja na ndizi kama unavyofanya kwenye kiburu, utie mafuta kijiko kimoja. Usichuje. Choroko ziache kwenye kitambaa chenye maji mpaka zitoe vimea, ndipo uzipike. Ulezi nao uoteshe, uanike na kusaga, na kijiko cha unga huo wa kimea ukitie kwenye uji mzito ulioiva. Utauona unalainika wenyewe bila kuongezewa maji, kisha uurudishe jikoni uchemke tena. Karanga uchague moja moja na yenye ukungu utupe, kwa maana mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga nazo hushikwa na sumu hiyohiyo. Uzikaange, uzitwange ziwe laini kabisa, kwa sababu karanga nzima humpalia mtoto. Chai usimpe. Baada ya chakula mpe papai au juisi ya chungwa, hivyo ndivyo vinavyousaidia mwili kukichukua chuma cha maharage.

Ziwani (Mwanza)

Mbona hakuna aliyetaja dagaa? Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata chuma, zinki, kalsiamu na B12 kwa pamoja. Unawachambua mchanga, unawakaanga bila mafuta mpaka wakauke kabisa, unawasaga, na kijiko kimoja cha unga huo kinaingia kwenye uji au mboga. Wana mapezi na magamba, kwa hiyo hata katika Mambo ya Walawi hawakukatazwa.

AfisaLishe_Wilayani

Ziwani amesema kweli, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au yai kila siku. Nyumba isiyotaka dagaa, basi yai moja lililoiva vizuri lisikosekane, na mtindi kidogo, ila maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya maziwa ya mama kabla ya mwaka mmoja. Kwa sasa milo iwe mitatu kwa siku pamoja na kunyonya, na akipimwa damu, hemoglobini ikiwa chini ya kiwango cha umri wake msisubiri chakula kiirekebishe peke yake. Matone ya vitamini A nayo msiyakose.

Mama_Mtori (Moshi)

Ninawashukuru nyote. Jana usiku nilimsomea mume wangu majibu haya tangu mwanzo. Aliposikia miligramu 11 kwa mtoto na 8 kwake yeye, aliniomba nirudie, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Aliporudi kwenye maneno ya Bibi aliyasoma mwenyewe. Tumekubaliana kwamba maziwa na mayai yanabaki, na kwamba mimi sitamlisha mtoto nyama kwa siri nyumbani kwa mama yangu, jambo ambalo ninakiri kwamba nilikuwa nimeshalifikiria. Kuhusu dagaa amesema atafikiri, nami nitampa muda huo.

Leo jioni alikaa na bakuli la maharage kwenye mapaja, akamenya maganda moja moja mpaka vidole vikakunjamana, akaponda na ndizi na parachichi. Binti alitema kijiko cha kwanza na cha pili. Cha tatu alikishika kwa mkono wake mwenyewe, akakipeleka mdomoni, na kingine kikaishia kwenye sikio la baba yake. Kupima damu ni Alhamisi asubuhi, na kadi nitaibeba tena mwisho wa mwezi.