Naomba ushauri: hema jepesi lisilovuja, kwa baiskeli na kwa miguu

Msafiri wa Nyanda
Wakuu, habari za leo. Mwezi Aprili natarajia kuendesha baiskeli kutoka Iringa hadi Kitulo kupitia Njombe na Makete, kisha niiache baiskeli kwa mwenyeji wangu na kushuka Milima ya Livingstone kwa miguu hadi Matema, Ziwa Nyasa. Nahitaji hema moja litakalofaa safari zote mbili, la mtu mmoja na mizigo yake. Nimeona aina mbili: lile linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea, ambalo halifiki hata kilo 1, na lile lenye fito zake za alumini, linalokaribia kilo 2. Tena kuna namba za kuzuia maji, moja imeandikwa milimita 1,500 na nyingine 3,000, nami sijui nizingatie ipi. Naomba mwongozo wenu kabla sijatoa fedha.

Kigingi
Ndugu, kabla ya uzito jiulize utalala wapi. Katika njia hiyo msafiri wa baiskeli hafiki popote jioni akachomeka hema tu; humwona mwenyekiti wa kijiji, naye mara nyingi humwelekeza kwenye baraza la shule, uwanja wa kanisa au ukumbi wa zahanati. Sakafu ya saruji haipokei vigingi, na hema la fimbo bila vigingi ni kitambaa tu. Isitoshe, kwenye baiskeli fimbo hizo ni mzigo usio na kazi. Chukua linalosimama lenyewe, ambalo chumba chake cha ndani ni cha wavu na kinaweza kusimikwa peke yake, kwa sababu barazani mvua haikufikii lakini mbu wanakufikia, hasa ukishafika ziwani.

Angalia pia maneno ya wauzaji wanaposema hema linasimama lenyewe. Naturehike Cloud Up, kwa mfano, ni jepesi na linapatikana kwa urahisi, lakini ufito wake una mguu mmoja tu upande wa nyuma, kwa hiyo pembe za miguuni hazikazi bila vigingi. Mongar ya kampuni hiyohiyo ni nzito zaidi, ila fito zake hushika pembe zote nne. Vibaraza vyake vya pembeni, yaani kitambaa cha nje kinachotanuka mbele ya milango, utavifunga kwenye gurudumu la baiskeli au kwenye jiwe.

Mwenyeji wa Makete
Naunga mkono, na ninaongeza suala la baridi. Kitulo iko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku pumzi yako hugeuka matone ndani ya kitambaa cha nje. Watu wengi huamka na kulaumu hema kwamba limevuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe. Dawa yake ni hema la tabaka mbili na kuacha tundu la hewa wazi hata kama mvua inanyesha.

Kuhusu namba, hizo ni kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kupitisha; 1,500 kwa kitambaa cha juu, yaani hicho cha nje, inatosha kwa mvua ya kawaida ikiwa kimekazwa vizuri, na yapo mahema ghali yaliyoandikwa 1,200 ambayo hayavuji. Namba kubwa itafute kwenye sakafu, kwa sababu goti lako likikandamiza ardhi iliyolowa, maji husukumwa kwa nguvu kuliko tone linavyoanguka.

Fundi Cherehani
Mimi naangalia mishono kabla ya namba. Hema likiwa la poliesta au nailoni iliyopakwa poliurethani (aina ya plastiki), mishono yake huzibwa kwa utepe. Ukiona utepe umeanza kubanduka, mvua ya Rungwe itapita hapo. Kitambaa kilichopakwa silikoni pande zote mbili hakishiki utepe, kwa hiyo mshono hupakwa gundi ya silikoni, na gundi nyingine haitashika. Nailoni pia hulegea ikilowa, hivyo itakubidi utoke usiku kukaza kamba. Poliesta hailegei sana na huvumilia jua letu vizuri zaidi, ingawa huongeza gramu kadhaa.

Ukipata la mtumba, usilinunue likiwa limekunjwa. Lifungue lote, lipapase upande wa ndani, kisha linuse. Likinata mkononi na kutoa harufu kama ya matapishi ya mtoto, mpako wake umeshaoza kwa unyevu wa stoo, na hakuna fundi wa kukurudishia. Kama ni zima, lisimike uani, limwagie maji kwa mpira kwa muda wa kutosha, halafu ingia ndani na tochi ukaguse mishono ya pembeni.

Msafiri wa Nyanda
Nawashukuru sana. La fimbo nimeliondoa. Limebaki swali moja: fito ndefu nizibebe wapi?

Kigingi
Pima urefu wa fito zikiwa zimekunjwa. Zikizidi sentimita 40 hivi zitagongana na breki ukizifunga kwenye usukani, basi zilaze juu ya keria, ndani ya mfuko wake. Kitambaa cha juu kiwe kwenye mfuko wa peke yake, mbali na chumba cha ndani na blanketi, kwa maana asubuhi nyingi za Aprili utakikunja kikiwa kimelowa.